Mamlaka na Mipaka Yake

Twasoma katika 2 Mambo ya Nyakati 26 habari za Mfalme Uzia. Alitenda mema mengi. Lakini alipopata nguvu aliingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi isiyo yake. Azaria kuhani na wenzake 80 wakamzuia. Uzia akakasirika, akapigwa ukoma.

Katika serikali za dunia nako mambo huwa hivyo. Huko Uingereza Mfalme Charles I alitawala pasipo Bunge tangu 1629 hata 1640, akitoza fedha za merikebu hata kwa watu wa bara wasiokaa pwani. Vita vikatokea mwaka 1642, na mwaka 1649 akakatwa kichwa. Je, watu walistarehe? La! Mwaka 1653 Cromwell aliingia Bungeni na askari, akawafukuza wajumbe. Ndipo mwaka 1689 ikaandikwa kwamba mfalme asitoze kodi wala asitangue sheria pasipo ridhaa ya Bunge. Na sheria ya 1701 ikawalinda waamuzi, wasiondolewe kwa kupenda kwake mfalme tu.

Basi, tujifunze. Kumwondoa mkubwa hakutoshi, ikiwa ajaye baada yake hana wa kumwuliza. Katika sharika zetu mchungaji asishike peke yake mahubiri, hukumu na sanduku la sadaka. Wala wazee wasimfanye mtumwa wao. Uzia alikasirika alipozuiwa. Sisi je, tukizuiwa twafanyaje?