Mzee Anapoanza Kukosea Hesabu

Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni mara nyingi hujitokeza kwanza katika pesa. Mzee analipa deni moja mara mbili, au anamkabidhi mgeni akiba yake kwa ahadi ya faida ya haraka. Jamaa husema, "Ni uzee tu." Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba wagonjwa wengine walianza kukosa kulipa madeni yao hadi miaka 6 kabla ya ugonjwa kutambuliwa.

Tazama Japani, ambako karibu watu 29 kati ya kila 100 wametimu miaka 65. Sehemu kubwa ya akiba ya nchi hiyo imo mikononi mwa wazee, na mzee haogopi bure kuweka pesa katika hisa. Bei za hisa mjini Tokyo zilifika kilele Desemba 1989, zikaanguka, na hazikurudi hapo hadi Februari 2024. Aliyenunua akiwa na miaka 55 alikuwa na 89! Ndiyo sababu, kwa miongo kadhaa, zaidi ya nusu ya akiba ya Wajapani ilikuwa pesa taslimu na amana za benki, nazo benki zikanunua dhamana za serikali kwa wingi.

Maradhi huongeza uzito. Benki ya huko ikigundua kwamba mteja hawezi tena kuamua, huweza kufunga akaunti yake mpaka mahakama iteue msimamizi. Pesa hizo hazinunui hisa wala haziuzi. Zimelala, huku watoto wakikosa za kumtibu mwenyewe.

Hapa Kenya, sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Akiba yao imo katika shamba, chama cha ushirika na simu, na nambari ya siri anaijua mwenyewe tu. Nimewaona wana wakimleta baba kliniki baada ya kiinua mgongo kwisha. Wamechelewa.

Ukiona mzazi anakosea hesabu alizokuwa akizifanya bila shida, mlete apimwe mapema. Wakati mwingine chanzo ni upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, huzuni kubwa au dawa anazotumia, na haya yanatibika. Naye angali na akili timamu, akae na familia na wakili, aseme nani atasimamia mali yake.