Kwanza Nenda Kakuma Mara Nne: Kruza Mpya, Joto la Turkana na Uchaguzi wa Ekzosi

Ukinunua pikipiki mpya aina ya kruza, swali la kwanza utakaloulizwa kijiweni ni lini utabadilisha ekzosi. Ya kiwandani ni nene, nzito, na mlio wake ni wa chini. Zile zinazotundikwa kwenye maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, zinang'aa na kunguruma. Kwa anayeendesha kati ya Lodwar na Kakuma, kule Turkana, jibu ni fupi: nenda Kakuma na kurudi mara nne kwanza. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni takriban kilomita 120, kwa hiyo safari nne za kwenda na kurudi zinakaribia kilomita 1,000. Hayo ndiyo masafa ambayo watengenezaji wengi hutaka injini mpya iendeshwe kwa upole. Ukiyamaliza utakuwa unaijua pikipiki yako, na huenda ukaona huna haja ya kubadilisha kitu.

Kilomita 1,000 za kwanza

Injini ikiwa mpya, ringi za pistoni na ukuta wa silinda bado havijazoeana. Vinazoeana vizuri mzigo wa injini unapopanda na kushuka, na hapo ndipo barabara ya Turkana ilipo na mtego. Lami imenyooka, mbele hakuna mlima, na mkono unashawishika kushika mwendo mmoja saa nzima. Usikubali. Badilisha mwendo na gia kila baada ya dakika chache, usivute mafuta kupita nusu, na usiilazimishe injini kukokota kwenye gia kubwa. Fuata kitabu kilichokuja na pikipiki kuhusu siku ya kumwaga oili ya kwanza. Watengenezaji wengi huitaka kati ya kilomita 500 na 1,000.

Tairi mpya nazo zina utelezi wa kiwandani. Kwa kilomita 100 hivi za mwanzo, usilalie kona wala kufunga breki ghafla.

Kila ukifika Kakuma, iache pikipiki ipoe, kisha kagua nati zinazoshika ekzosi kwenye injini. Chuma hutanuka kikipata joto na kunywea kikipoa, na nati mpya hulegea kwa mtindo huo. Ziangalie hata kama ekzosi ni ile ya kiwandani.

Kujipanga kwa njia

Lodwar iko karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na siku nyingi joto la mchana hufika nyuzi 35 au kupita. Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili uwe umefika kabla ya saa nne. Injini nyingi za kruza hupozwa na upepo wa mwendo, kwa hiyo usiiache ikinguruma muda mrefu imesimama, hasa kwenye kizuizi cha polisi. Izime.

Jaza tangi Lodwar. Ikiwa pikipiki inakula lita moja kwa kilomita 30, kwenda na kurudi ni lita 8. Petroli ya chupa za kando ya njia iwe ya dharura tu, kwa sababu huwezi kujua imechanganywa na nini.

Beba vifaa vya kuziba pancha. Miiba ya mti wa mathenge imetapakaa pande za Lodwar na Kakuma, na hupenya tairi kama msumari. Tairi isiyo na tyubu unaweza kuiziba hapo hapo kwa uzi wa mpira na pampu ndogo. Rimu ya spoksi yenye tyubu itakudai ushushe gurudumu, kazi isiyopendeza juani.

Zichunge laga, yaani mito ya msimu kama Tarach inayopita Kakuma. Mvua inaweza kunyesha milimani, mbali, na maji yakakufikia huku juu yako mbingu ni kavu. Ukikuta maji yanapita juu ya njia, ngoja yapungue. Mara nyingi laga hupungua ndani ya saa chache. Jioni usikae barabarani, kwa kuwa mbuzi, punda na ngamia huvuka bila taarifa, na wengine hulala kwenye lami yenye joto. Kabla ya kutoka, waulize madereva na polisi hali ya usalama ya siku hiyo. Kama unataka kuingia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, au makazi ya Kalobeyei, tafuta kibali cha Idara ya Huduma kwa Wakimbizi mapema, na usipige picha ovyo.

Ekzosi inafanya nini hasa

Bomba la ekzosi haliko kwa ajili ya mlio peke yake. Hupitisha moshi wenye joto kali mbali na mguu wa mwendeshaji na wa abiria, na upana na urefu wake hupimwa ulingane na injini. Ukiweka bomba lililo wazi zaidi, moshi hutoka kwa urahisi na injini huvuta hewa zaidi. Hewa ikizidi petroli, mchomo unakuwa mkavu na injini inapata joto kuliko kawaida.

Watumiaji wa kabureta wa Turkana wana tatizo la ziada. Hewa ya Lodwar ni nzito kuliko ya Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kabureta iliyorekebishwa Nairobi huwa na upungufu kidogo wa petroli ikishuka Lodwar, kabla hujagusa ekzosi. Ongeza bomba wazi, kisha ongeza joto la saa saba mchana, na umeikaanga injini mpya.

Dalili za mchomo mkavu ni rahisi kusoma. Ekzosi inafyatua vishindo unapoachia mafuta. Bomba karibu na injini linageuka rangi ya buluu. Ukichomoa plagi, ncha yake ni nyeupe. Plagi nzuri ina rangi ya kahawa. Nyeusi yenye masizi ina petroli nyingi mno. Kwenye kabureta, fundi hurekebisha kwa kuweka jeti kubwa kidogo. Pikipiki ya injeksheni yenye sensa ya oksijeni hujirekebisha yenyewe, lakini ina mpaka wake. Bomba lililobadilishwa lote huenda likahitaji kompyuta yake ipangwe upya.

Ukiamua kubadilisha

1. Badilisha silensa peke yake, si mfumo wote. Bomba la kwanza likibaki la kiwandani, marekebisho huwa madogo, na sensa hubaki mahali pake.

2. Uliza kilicho ndani. Silensa zilizojazwa pamba ya kioo huwa kali kadiri pamba inavyoungua na kupeperuka. Kwa safari ndefu za joto, yenye vyumba vya chuma ndani hudumu zaidi. Ukichukua ya pamba, iwe inayofunguka ili ijazwe upya.

3. Tazama chuma na welding. Chuma cha pua kinavumilia kuliko chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Mtikisiko wa changarawe hupasua welding dhaifu, kwa hiyo kagua kila kiungo na masikio ya kufungia.

4. Beba mifuko yako dukani. Pachika mizigo kama unavyosafiri, kisha pima nafasi. Mfuko uliogusa silensa utayeyuka kabla hujafika Kakuma.

5. Dai kinga ya joto upande wa abiria, na hakikisha tundu la kutolea moshi halimlengi mtu wala gurudumu.

6. Tafuta alama ya E iliyogongwa kwenye silensa. Inaonyesha imepitishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu silensa za pikipiki. Chapa iliyobandikwa kwa stika haithibitishi kitu.

7. Weka gasketi mpya, kaza nati pikipiki ikiwa baridi, na ukaze tena baada ya safari ya kwanza. Ekzosi ya kiwandani usiikate wala kuiuza. Na kabla ya yote, soma dhamana yako inavyosema kuhusu vipuri vya nje.

Kelele na sheria

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka chombo cha injini kiwe na silensa inayofanya kazi. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinaipa NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, uwezo wa kudhibiti kelele zilizozidi. Kwa hiyo kutoboa silensa au kung'oa vizuizi vyake vya ndani kunaweza kukufikisha mahakamani. Uwe pia na leseni ya daraja la A2, bima, helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, wewe na abiria wako mmoja.

Masikio nayo hayana vipuri. Wataalamu wa afya ya kazi huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3, muda salama hupungua nusu. Kwa desibeli 94 unabaki na saa moja tu, na safari ya Kakuma inapita saa moja. Wachungaji pia hawatakushukuru ukiwatawanyia ngamia.

Mguu ukiungua

Panda na umpandishe abiria kwa upande usio na bomba. Ngozi ikigusa ekzosi, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala siagi. Funika kwa kitambaa safi, na kama malengelenge ni makubwa au aliyeungua ni mtoto, mpeleke hospitali. Hii ni sababu nyingine ya kubeba maji kuliko unavyodhani utakunywa.

Siku ya safari ya nne

Ukirudi Lodwar mara ya nne, iache pikipiki ipoe na ujiulize: plagi ina rangi gani, lita ngapi zimetumika, nati zimekaza, mifuko imekaa mbali na bomba, na abiria ameshuka bila kulalamika? Kama majibu yote ni mazuri, ekzosi ya kiwandani imefaulu mtihani. Pesa za silensa nunulia tairi, kwa sababu miiba ya mathenge haijali mlio wa pikipiki yako.