Bando Limekwenda Wapi?
Kijitabu kwa mnunuzi wa huduma za simu na intaneti Tanzania



Tumekuandikia wewe unayenunua vocha dukani kwa Mangi. Tumekuandikia wewe unayejiunga bando la siku alfajiri ili uwahi oda za wateja kwenye WhatsApp, na wewe unayemlipia mwanao wa chuo bando la mwezi huku mwenyewe ukibaki na la kupiga tu. Kila tunapokutana nanyi mnatuambia mambo mawili: bando linaisha upesi kuliko lilivyotumika, na ukilalamika hakuna anayekusikiliza. La kwanza tunalikubali, maana limetupata hata sisi. La pili tunataka kulibadilisha, na kijitabu hiki kinaeleza namna.

Yaliyonipata mimi

Mimi ninayeandika nilijiunga bando la wiki la GB 5 Jumapili jioni. Jumatatu nikapanda basi la kwenda Songea, simu ikaisha chaji kabla hatujafika Makambako. Jumanne asubuhi nilipoiwasha nyumbani kwa mjomba, ujumbe wa kwanza kuingia ulisema bando langu limeisha. Nikapiga huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa mpole sana.

"Kaka, mfumo unaonyesha umetumia GB zote tano."

"Dada yangu, simu ilikuwa imezima tangu jana."

"Naelewa kaka, ila mfumo ndivyo unavyoonyesha. Una ujumbe wa kujiunga?"

Sikuwa nao. Nina tabia ya kufuta meseji za kampuni zikijaa. Saa niliyojiunga nilikuwa siikumbuki, kipimo cha matumizi kwenye simu sikuwahi kukifungua tangu niinunue, na hata jina la yule dada sikuuliza. Upande mmoja kulikuwa na mfumo wenye kumbukumbu ya kila sekunde, upande wa pili nilikuwa mimi na maneno matupu. Nikaaga, nikajiunga bando jingine. Ndivyo wengi wetu tunavyofanya, na kwa sababu hiyo kosa likitokea leo hakuna kinacholizuia kurudi kesho.

Kanuni zinakupa nini

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, nayo husimamia huduma hizi pia kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mwaka 2021 mamlaka hiyo ilitangaza kanuni ndogo za vifurushi. Watu wengi hawakuzisikia kwa sababu masikio yote yalikuwa kwenye bei. Tarehe 2 Aprili mwaka ule wananchi waliamka wakakuta pesa ileile ya jana inanunua bando dogo zaidi. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba bei zile mpya zilisitishwa, vifurushi vikarudi vilivyokuwa. Tunakukumbusha hilo kwa sababu ni ushahidi wa karibu kabisa kwamba sauti ya mnunuzi hufika.

Katika kanuni zile kuna mambo ambayo ungepaswa kuyajua kama unavyoijua namba yako ya simu. Kampuni inatakiwa ikutumie ujumbe bando linapofika asilimia 75 ya matumizi, na tena linapofika asilimia 100. Bando likiisha, isianze kukata salio lako la kawaida kwa bei ya juu bila ridhaa yako. Uniti zilizobaki unaweza kumhamishia mtu mwingine wa mtandao huohuo. Na ukijiunga tena bando lilelile kabla la kwanza halijaisha muda, kilichobaki kiendelee kutumika.

Angalia hili la asilimia 75. Linaonekana dogo, lakini ndilo linaloweza kubeba lalamiko lako lote. Kama ujumbe wa kwanza uliopata ni ule wa "limeisha", tayari una hoja kabla hata ya kuanza kubishana juu ya MB ngapi zimetumika.

Kuhusu bei, mdhibiti aliweka mipaka: MB moja ya kifurushi iwe kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35. Fanya hesabu ya kawaida ya dukani. GB moja ni MB 1,024, kwa hiyo kwa bei ya chini kabisa ni kama shilingi 2,079, na kwa bei ya juu kabisa ni kama shilingi 9,574. Ukiona bando lina jina zuri na mbwembwe nyingi, chukua bei yake, gawanya kwa idadi ya MB, halafu linganisha. Mara nyingi bando la kiasi kidogo la saa chache lina MB ghali kuliko la wiki, na wanaolinunua zaidi ni wale wasio na pesa ya kutoa kwa mkupuo. Jambo hilo linatuuma.

Simu yenyewe nayo inakula

Haki inataka tuseme na upande wa pili. Si kila MB iliyopotea imeibwa na kampuni. Simu janja hufanya kazi ikiwa mfukoni: inasasisha programu, inapeleka picha na video zako kwenye hifadhi ya mtandaoni, inapakua kila video iliyorushwa kwenye kundi la harusi. Video ya ubora wa kati ukiitazama saa nzima inaweza kula nusu ya GB au zaidi, na programu nyingi za video fupi hupakia inayofuata kabla hujamaliza ya kwanza.

Kwa hiyo anza na mipangilio ya simu. Zima upakuaji wa video wa moja kwa moja kwenye WhatsApp. Weka masasisho na uhifadhi wa picha vifanyike kwenye Wi-Fi pekee. Kisha tafuta sehemu inayoonyesha matumizi ya data. Simu karibu zote za siku hizi zinayo, nayo huonyesha kila programu imekula kiasi gani. Kama simu yako ni ya laini mbili, hakikisha unasoma laini husika.

Ifungue sehemu hiyo siku unayojiunga na siku bando linapoisha, upige picha ya skrini mara zote mbili. Kipimo cha simu na cha kampuni havilingani kwa usahihi kabisa, na tofauti ndogo ni ya kawaida. Lakini simu ikisema GB 1.9 na kampuni ikisema GB 5, hapo kuna jambo la kujibiwa. Mwenye kitochi anayenunua bando la dakika aandike kwenye daftari: tarehe, saa, amejiunga nini, limeisha lini. Daftari nalo ni ushahidi.

Lalamiko linaandikwaje

Usianze na TCRA. Utaratibu unataka uanze kwa kampuni yenyewe, nayo ipewe nafasi ya kujibu. Unaweza kupiga, lakini baada ya kupiga andika: kwa barua pepe, kwa ukurasa wao wa huduma, au kwa barua unayoipeleka dukani kwao na kugongewa muhuri kwenye nakala yako. Mfano ni huu:

Kwa Huduma kwa Wateja. Mimi ni (jina), namba yangu ni (namba). Tarehe 4, saa 2:15 usiku, nilijiunga bando la wiki la GB 5. Tarehe 6, saa 3:00 asubuhi, nilipokea ujumbe kuwa limeisha. Sikupata ujumbe wa asilimia 75. Kipimo cha simu yangu kinaonyesha GB 1.9 kwa siku hizo, picha nimeambatanisha. Naomba mchanganuo wa matumizi yangu kwa siku hizo na nirejeshewe kisichotumika. Naomba pia namba ya kumbukumbu ya lalamiko hili.

Sentensi ya mwisho usiisahau hata kidogo. Bila namba ya kumbukumbu, kila ukipiga unaanza upya kwa mtu mpya. Ukiwa nayo, unaweza kupanda ngazi.

Ngazi ya pili ni TCRA, ambayo ina makao yake Mawasiliano Towers, Dar es Salaam, pamoja na ofisi za kanda, zikiwemo za Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma na Zanzibar. Utapeleka lalamiko lako, jibu la kampuni au maelezo kuwa haikujibu, na vielelezo. Asiyeridhika na uamuzi wa mamlaka anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Pia lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoanzishwa na sheria ileile ya 2003 ili kusemea watumiaji; ukikwama njiani, waulize.

Utauliza kama inafaa kuhangaika hivi kwa bando la shilingi elfu kadhaa. Jirani zetu wa Kenya wana jibu. Mwaka 2019 wakili Adrian Kamotho Njenga alizipeleka kampuni za simu mbele ya baraza la rufaa za mawasiliano akihoji kwa nini data aliyoilipia ifutwe kwa kuisha muda. Mwaka huohuo Safaricom ikaleta vifurushi visivyo na ukomo wa muda. Alianza mtu mmoja, akiwa na laini yake ya simu kama mimi na wewe.

Na ukichoka kabisa na kampuni yako, tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako ileile. Huna haja ya kuwapigia ndugu na wateja wote kuwapa namba mpya.

Mtandao ukizimwa au kuzuiwa

Sura hii tuliijadili sana kabla ya kuiandika, tukakubaliana kuwa kuiacha kungekuwa kukuficha nusu ya tatizo.

Mei 2025, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa, mtandao wa X uliacha kufunguka nchini. Baadaye waziri mwenye dhamana alisema kuwa sababu ni maudhui ya ngono. Septemba mwaka huo leseni ya jukwaa la mtandaoni la JamiiForums ilisimamishwa kwa siku 90. Tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurejea tarehe 3 Novemba.

Mama mmoja wa oda za WhatsApp aliyejiunga bando la wiki usiku wa tarehe 28 mtandao ulimkatikia siku iliyofuata, na siku nyingi kati ya saba alizolipia zikapita bila huduma. Kuna wakala wa pesa aliyeshindwa kuhudumia, mwanafunzi aliyekuwa na kazi ya kuwasilisha, familia iliyotaka tu kujua kama kijana wao amefika salama. Katiba yetu, ibara ya 18, inatambua uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa na haki ya kupata taarifa za matukio muhimu. Tunaamini zuio lolote la mtandao linapaswa kutolewa kwa maandishi, lieleze sheria iliyotumika, sababu, na lini litakwisha, ili mwenye hoja aweze kulipinga mahakamani. Zuio ambalo raia analigundua kwa kuona ukurasa haufunguki halimpi mahali pa kulipeleka lalamiko lake.

Hata hivyo, kampuni uliyoilipa una swali halali la kuiuliza: siku ambazo huduma haikuwepo zimehesabiwaje kwenye bando langu? Uliza kwa maandishi, kwa mfano uleule wa hapo juu, ukitaja saa mtandao ulipokata na saa uliporudi. Hata kama kuzima hakukuwa uamuzi wa kampuni, siku za bando kampuni ndiyo iliyokuuzia, na inaweza kuziongeza.

Neno kuhusu VPN, programu ambazo wengi huzitumia kufungua kurasa zilizozuiwa. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo kuwa wanaotumia VPN wajisajili kwake. Ijue sheria kabla hujapakua. Na jua pia kuwa VPN ya bure inayapitisha mawasiliano yako yote kwa mtu usiyemfahamu. Soma inasema nini kuhusu taarifa zako kabla hujaingiza neno la siri la benki.

Makato madogo na taarifa zako

Kama salio linapungua shilingi mia mia kila siku, huenda umeungwa kwenye miito ya simu, dondoo za mapenzi au matokeo ya mpira ambayo hukuyaomba. Omba kampuni orodha ya huduma zote ulizosajiliwa, itake ikuondoe, na udai makato yarudishwe kama hukuridhia. Meseji za matapeli za "tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040, ni bure. Piga pia *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda ikafutwe siku hiyohiyo, kwa sababu uhalifu utakaofanywa na laini hiyo utaanza kuulizwa kwako.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Kwa sheria hiyo unaweza kuiuliza kampuni ina taarifa gani zako, na kuikataza kuzitumia kukutangazia biashara. Programu ya mkopo inayotaka kusoma majina yote ya kwenye simu yako kabla ya kukupa elfu ishirini, ikatalie ruhusa hiyo. Ikigoma kufanya kazi, iondoe.

Jalada la ndani la kijitabu hiki tumeliacha wazi na kulichora mistari: tarehe, saa, bando, ujumbe wa asilimia 75, limeisha lini, namba ya kumbukumbu. Mstari wa kwanza ujaze leo utakapojiunga.