Je, Mabingwa wa Ngumi Walipigana na Wapinzani Wao Wakali Wote?

Swali: Ni kweli kwamba mabingwa wakubwa wa ngumi za uzito wa juu hawakumkwepa mtu?

Jibu: Si kweli kwa wote. Jack Dempsey, bingwa wa dunia kuanzia 1919 hadi 1926, hakuwahi kupanda ulingoni na Harry Wills, Mmarekani mweusi aliyestahili nafasi ya kuwania ubingwa huo kwa miaka mingi. Mikataba ilitiwa saini, pambano halikufanyika. Ubaguzi wa rangi na woga wa mapromota na wanasiasa vilimnyima Wills haki yake.

Jack Johnson, bingwa wa kwanza mweusi wa uzito huo, naye alimfungia mlango Sam Langford, mweusi mwenzake. Alimshinda kwa pointi mwaka 1906, lakini baada ya kuutwaa ubingwa mwaka 1908 hakumpa marudiano, ingawa Langford alizidi kuwa hatari.

Muhammad Ali ni habari nyingine. Alipigana na Sonny Liston mara mbili, Joe Frazier mara tatu na Ken Norton mara tatu. Ali pia alimwangusha George Foreman, aliyeogopwa kuliko wote, katika raundi ya 8 mjini Kinshasa, Oktoba 30, 1974. Kwa kipimo cha wapinzani, Ali anawazidi Dempsey na Johnson.