Kuotesha Momiji katika Chungu

Huko Japani kuna mti uitwao momiji, wenye majani mfano wa mkono uliokunjuliwa vidole. Ndiyo sababu Thunberg, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, aliupa mwaka wa 1784 jina la Kilatini litokanalo na kiganja. Kabla ya kupukutika majani hugeuka mekundu kama moto, na watu husafiri mbali kuyatazama.

Aina zake fupi hupandwa katika vyungu. Lakini chungu kisicho na tundu chini hutuamisha maji, na mizizi huoza. Mwenyewe aonapo majani yamenyauka hudhani mti una kiu. Huongeza maji, naye ndiye auuaye. Yampasa kwanza atie kidole udongoni: kukiwa na unyevu, asinyweshe.

Jua la asubuhi laufaa. Lile la alasiri huunguza ncha za majani. Kila mwaka wa pili au wa tatu, kabla ya kuchipua, hung'olewa, mizizi iliyojizungusha ikapunguzwa, ukarudishwa katika udongo mpya uliochanganywa na mboji. Wala usiwekwe ndani ya nyumba, kwa kuwa bila baridi ya miezi kadhaa haupati kupumzika.