Biashara Yetu Tuipe Jina Gani?

Neno "chapa" unalijua. Wafugaji hutia ng'ombe wao chapa. Chuma huwekwa motoni mpaka kiwe chekundu, kisha hubandikwa kwenye paja la ng'ombe. Kovu hubaki. Ng'ombe akipotea, anayemwona anajua ni wa nani. Kitabu nacho hupigwa chapa mtamboni. Na mtu akienda dukani kununua sabuni huuliza, "Hii ni chapa gani?"

Maana zote hizo zina undugu. Chapa ni alama inayosema kitu hiki kimetoka kwa nani.

Kabla hatujajua kusoma, wengi wetu tulinunua vitu kwa kutazama picha. Tulitaka kiberiti chenye picha ile, au majani ya chai yenye karatasi ya rangi ile. Mwenye duka akitupa kingine, tulikataa. Kwa nini tulikataa? Kwa sababu kile cha kwanza kilitufaa, na tulitumaini kuwa cha pili kitakuwa vilevile. Picha ilikuwa imetupa ahadi.

Sasa tunajua kusoma. Hebu chukua kanga. Tazama pindo lake. Tazama mji, yaani sehemu ya katikati. Soma jina la kanga, yale maneno makubwa yanayosema siri za watu. Kisha tafuta maandishi madogo karibu na pindo. Katika kanga nyingi utakuta maneno haya: Mali ya Abdulla.

Abdulla ni nani? Hilo ni jina ambalo watu walimwita Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa. Biashara yake ilianza mwishoni mwa karne ya 19, na duka lake lilijulikana katika Mtaa wa Biashara. Anatajwa kuwa ndiye aliyeanza kutia methali na misemo katika kanga, mwanzoni mwa karne ya 20. Kwanza maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadaye yakaandikwa kwa herufi hizi tunazosoma sisi.

Je, Abdulla aliuza nini? Mtu wa haraka atajibu, "Aliuza nguo." Lakini nguo zenyewe, kwa miaka mingi, zilipigwa chapa ng'ambo, India na Ulaya. Wafanyabiashara wengine nao walikuwa na nguo. Kanga yenye maneno ni kitu kingine. Mwanamke mwenye neno moyoni, asiyetaka kugombana na jirani, anavaa kanga na kupita mlangoni. Jirani anasoma. Kazi imekwisha. Basi duka lile liliuza nguo, na pamoja na nguo liliuza usemi. Aliyejua hivyo alijua pia kazi yake ya kila siku: kusikiliza wanawake wanasema nini. Mwenye kudhani anauza nguo tu angeshughulika na bei ya pamba peke yake.

Hapo ndipo penye somo letu. Watu wengi wakitaka chapa hufikiri kwanza picha na rangi. Afadhali waanze na swali: sisi tunamfanyia nani kazi, na kazi hiyo ni ipi hasa?

Tuchukue mfano wa kikundi cha wafuga nyuki. Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini mambo yake wafuga nyuki wanayajua.

Kikundi kilikuwa na wanachama 18. Waliuza asali kando ya barabara katika chupa kuukuu za maji. Watu wa mjini walisimamisha magari, wakaonja, wakauliza, "Hamkutia sukari humu?" Kisha walitaka bei ya chini. Siku moja kikundi kikaamua kutengeneza lebo. Walimwita mwalimu wa kisomo aje mkutanoni, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri.

Kijana mmoja akasema, "Tuweke picha ya simba. Simba ana nguvu."

Mzee mmoja akamwuliza, "Mwanangu, simba na nyuki wapi na wapi?" Watu wakacheka.

Mama mtunza fedha akasema, "Mwalimu, andika tu: Asali Bora."

"Sawa, mama," akasema mwalimu. "Na wale wenzenu wa pale njia panda, chupa zao zimeandikwaje?"

Mama akafikiri kidogo. "Asali Bora," akajibu.

Mwalimu akaweka kalamu chini. Akauliza, "Mkiacha kuuza asali kesho, mteja wenu atakosa kitu gani ambacho hatakipata njia panda?"

Hakuna aliyejibu. Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Watu wanaweza kufanya kazi pamoja miaka mitano bila kuulizana.

Mwishowe yule mzee akasema, "Mimi kwanza napiga hodi. Nikipanda mtini usiku nafukiza moshi kidogo, nafungua, natazama masega. Kama nyuki hawajayafunga, nafunika mzinga, nashuka. Narudi siku nyingine. Baba yangu alifanya hivyo."

Msomaji asiyefuga nyuki ajue jambo hili. Maji matamu ya maua, nyuki wanapoyaleta mzingani, yana maji mengi. Nyuki hupepea kwa mabawa mpaka maji yapungue. Asali ikiiva, maji yaliyobaki kwa kawaida hayafiki sehemu moja katika tano. Hapo nyuki huziba vijumba vya sega kwa nta, kama mtu anayefunika chungu. Asali iliyofungwa hivyo hukaa muda mrefu bila kuharibika. Asali iliyorinwa mapema ina maji mengi, nayo huchacha. Hutoa povu, na chombo huweza kuvimba.

Basi mzee aliposema vile, mwanachama mmoja akainamisha kichwa. Akasimama.

"Wazee wangu, na mama zangu," akasema, "yale madumu manne yaliyorudishwa kutoka mjini mwaka jana yalikuwa yangu. Mke wangu alikuwa amelazwa hospitali. Nilirina kabla ya wakati, nikanyamaza."

Madumu yale yalikuwa yametoa povu dukani. Mwenye duka alikataa kununua tena. Kikundi kililaumiana mwaka mzima, kwa maana asali yote ilimwagwa pamoja na hakuna aliyejua ya nani ni ipi.

Mzee akasema, "Mwanangu, ungetuambia."

"Ningewaambia, mngenipa nini?" akauliza yule mtu.

Jibu lilikuwa: hakuna. Kikundi hakikuwa na akiba ya kumkopesha mwenye shida. Kwa hiyo mkutano ule, uliokusudiwa kuchagua picha, ulimalizika kwa maamuzi matatu ambayo hayahusu picha kabisa. Kila mtu atarina masega yaliyofungwa tu. Kila dumu litaandikwa namba ya mwenyewe. Na kutoka katika kila dumu litakalouzwa, fedha kidogo itawekwa kando ili mwenye shida akope, asikimbilie mzingani kabla ya wakati.

Ndipo jina likapatikana bila taabu. Waliita asali yao Hodi. Picha ikawa mzinga juu ya mti, na mkono unaobisha.

Jina hilo lina faida nyingine. Kwa Tanzania Bara, majina ya biashara na alama za biashara husajiliwa BRELA. Haya ni mambo mawili mbalimbali. Jina la biashara humtambulisha anayefanya biashara. Alama ya biashara huzuia mtu mwingine asitumie chapa yako kwenye bidhaa kama yako. Maneno yanayoeleza bidhaa tu, kama "asali bora", sheria haimpi mtu mmoja ayamiliki, maana kila muuza asali anayahitaji. Hodi si jina la asali mahali popote, kwa hiyo laweza kuombewa usajili kama hakuna aliyelitangulia. Alama ikisajiliwa hulindwa kwa miaka 7, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Ubora na usalama wa chakula ni kazi ya TBS. Wenye viwanda vidogo wanaweza kuanzia ofisi za SIDO, shirika lililoanzishwa 1973, ili waelekezwe.

Msimu uliofuata asali ya Hodi ilipendwa. Yule mwenye duka wa mjini alirudi. Kisha akaja mnunuzi mwingine na gari.

"Nipeni lebo 500 tu," akasema. "Asali ninayo."

Fedha aliyotaja ilizidi mauzo yao ya msimu mzima. Wala hakuna ambaye angepanda mti.

Mwenyekiti akaitisha mkutano. Kijana yule wa simba akasema, "Lebo ni karatasi. Tutachapisha nyingine." Mama mtunza fedha akamjibu, "Hiyo asali yake nani aliipigia hodi?" Wakabishana mpaka jua likazama. Walipopiga kura, 11 walikataa na 7 walikubali. Mnunuzi akaondoka na fedha zake. Wiki ile wanachama wawili walijitoa katika kikundi.

Sisi hatutaki kuwalaumu sana hao wawili. Fedha ile ilikuwa ya kweli, na paa la mmoja wao lilikuwa linavuja. Lakini tazama jambo moja. Siku walipotaka kuweka picha ya simba, mnunuzi yule angeweza kupata lebo kwa dakika tano, na hakuna ambaye angeona kuna la kubishania.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

Katika kijiji chenu kuna kikundi gani kinachouza kitu? Kikiacha kazi kesho, nani atapungukiwa, na atapungukiwa nini?

Kama ungekuwa mwanachama wa 19 siku ile ya kura, ungesimama upande gani? Waeleze wenzako sababu zako, na usikilize zao.

KAZI YA KUFANYA

Kila mtu alete darasani kanga moja, au karatasi ya sabuni, au mfuko wa unga. Someni maandishi yote, hata yale madogo sana. Andikeni ubaoni: kitu hiki kimetoka kwa nani? Kinaahidi nini? Je, kwako wewe uliyekitumia, ahadi hiyo ilitimia?