Ushuru wa Bidhaa: Muswada Uliomshinda Walpole

Mwaka 1733 Robert Walpole, waziri mkuu wa Uingereza, alitaka tumbaku na mvinyo vitozwe ushuru wa bidhaa vinapotoka ghalani, badala ya ushuru wa forodha bandarini. Kihesabu mpango ulikuwa mzuri: magendo yangepungua, na mzigo wa kusafirishwa tena nje usingelipiwa. Kikwazo kilikuwa maofisa. Wangeingia dukani na ghalani kupekua, na kesi zingeamuliwa na makamishna au mahakimu, bila jopo la raia. Nani angekubali hayo kwa moyo mweupe? Wafanyabiashara wa London walilalamika bungeni, wapinzani wakadakia, kura za Walpole zikapungua. Aprili aliuondoa muswada wa tumbaku. Magendo yaliendelea, na mwagizaji aliyelipa kihalali akabaki akishindana na bei ya mkwepaji.